Kadi Moja, Matumbo Mawili

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi nilizoishi, mwanangu, kwa sababu simu ilipoita nilikuwa nimeshika kuku wawili kwa miguu, vichwa chini, nikimwinulia abiria dirishani. Basi la kwenda Singida lilikuwa limesimama njia panda ya Mkiwa, na basi halimsubiri mtu. Muuza kuku anayepokea simu basi likiwa limesimama atalala na kuku wake. Nikauza kwanza. Vumbi lilipotulia nikapiga ile namba, maana ilikuwa ya mdogo wangu Idi, aliyekuwa anasoma chuo mjini Singida.

Aliyepokea hakuwa Idi.

"Shikamoo dada. Mimi naitwa Petro, nakaa chumba kimoja na Idi. Idi anaumwa tumbo, tumemleta hospitali. Lakini hataki daktari amguse."

"Hataki kivipi?"

"Hataki kufunua shati, dada. Tumembembeleza, tumemtania kwamba labda ana kitovu kibaya, hataki. Anasema ni vidonda vya tumbo, apewe dawa arudi chumbani. Na hali yake si nzuri. Njoo tu."

Kabla sijakupandisha basi pamoja nami, ngoja nikueleze sisi ni akina nani, ili usituhukumu haraka.

Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye mkubwa, wakati huo niko kidato cha kwanza. Nyuma yangu alikuwa Idi, kisha Shabani, wanaume wawili waliofuatana kwa karibu mno na kufanana hivi kwamba hata wajomba walikuwa wanawachanganya. Matanga yalipokwisha wazee walikaa wakatugawa. Idi aende kwa baba mdogo Itigi, Shabani achukuliwe na shangazi Ikungi, mimi nitafutiwe mume. Nikasimama nikasema hapana. Nikasema watoto hawa watalala nyumba moja na mimi nitalala mlangoni. Wazee walinicheka kidogo, wakanikasirikia kidogo, kisha wakaniachia. Shule nikaiaga, nikaanza kuuza kuku na mafuta ya alizeti barabarani.

Sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja tu: cha mmoja ni cha wote. Tulikula sahani moja. Koti la baba lilivaliwa na yeyote aliyekuwa na safari. Shabani akipata viatu, Idi alivivaa siku ya mtihani. Sikuwafundisha hivyo kwa kusoma kitabu. Umaskini wenyewe ndio ulikuwa mwalimu. Na sijutii. Undugu wetu ulitufikisha mahali ambapo wengi wenye baba na mama hawakufika. Lakini hata jembe zuri, ukilishika vibaya, linakukata mguu.

Idi alipochaguliwa kwenda chuo, karatasi ya kujiunga ilitaja ada, malazi, na chini yake mchango wa bima ya afya. Jirani yangu pale barabarani alikuwa Bibi Mkhandi, shangazi wa marehemu baba, mwanamke mkavu wa maneno aliyekuwa anauza vitunguu. Nilipomsomea ile karatasi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani unalipia ugonjwa ambao haujaja? Na usipokuja, wanakurudishia?"

"Hawarudishi, bibi."

"Basi huo ni ujanja wa mjini. Mtoto mzima kama yule aumwe nini?"

Nililipa hivyo hivyo. Nitakwambia kwa nini. Baba yetu alipougua, dawa yake ilisubiri mbuzi auzwe, na mbuzi alisubiri siku ya mnada Ikungi. Mbuzi alipata mnunuzi; baba hakumsubiri. Tangu siku hiyo nilijua kwamba hela ya ugonjwa inatafutwa mtu akiwa mzima. Idi akapewa kadi yenye jina lake na picha yake, nami nikashusha pumzi. Angalau mmoja wetu, nikasema, hatasubiri mnada.

Sasa, miezi kadhaa kabla ya ile simu, nilikuwa nimemtuma Shabani mjini kumpelekea kaka yake unga na dumu la mafuta. Badala ya kurudi kesho yake alikaa zaidi ya wiki. Idi alinipigia akasema mdogo wake ameshikwa na tumbo ghafla, amepasuliwa kidole tumbo, anaendelea vizuri, nisihangaike. Nikauliza nani amelipa. "Chuo kimesaidia, dada," akasema. Shabani alirudi akitembea kama mzee, kovu jipya upande wa kulia, na yeye pia akasema chuo kimesaidia. Moyo wangu ulijaa. Nikachagua jogoo mkubwa kuliko wote niliokuwa nao, nikamtuma mjini kwa konda wa basi, nikasema Idi awapelekee walimu wa chuo kwa shukrani.

Jogoo yule, mwanangu, hakuwahi kuwaona walimu. Aliliwa chumbani kwa akina Petro, na ugali wa unga wangu mwenyewe. Lakini hilo nililijua baadaye.

Turudi kwenye siku ile. Nilimwachia muuza kuku mwenzangu tenga langu, nikasimamisha basi lililofuata. Bibi Mkhandi akapanda nyuma yangu na mfuko wake wa vitunguu. Nikamwambia, "Bibi, baki, nitakupigia." Akasema hajawahi kusikia mgonjwa anatembelewa kwa simu. Njia nzima hakuongea sana. Tulipopita Ikungi aliniuliza tu, "Huyo mtoto alikuwa na aibu tangu zamani?" Nikasema hapana, alikuwa anaoga uchi mbele ya jeshi zima. "Basi si aibu," akasema, akageukia dirishani.

Tulimkuta Idi kitandani amejikunja, jasho linamtoka, mkono mmoja umeng'ang'ania pindo la shati. Hata hivyo alijitahidi. "Shikamoo bibi. Shikamoo dada." Petro alikuwa amesimama pembeni ameshika viatu vya Idi. Muuguzi, mama wa makamo, alituambia bila kuzunguka kwamba daktari amekuja na kuondoka, maana mgonjwa amekataa kupimwa. Atarudi akimaliza wodi ya pili. "Mshaurini kijana wenu," akasema. "Tumbo halingoji mtu abadili mawazo."

Nikainama karibu na uso wake. "Idi, una nini?"

Akasubiri muuguzi asogee. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, humu hospitali wameandika kwamba mimi nilishapasuliwa kidole tumbo."

"Nani aliyekupasua?"

"Hakuna. Aliyepasuliwa ni Shabani. Alitumia kadi yangu."

Nikakaa chini kwenye sakafu. Kumbe chuo hakikusaidia. Shabani alishikwa na tumbo akiwa chumbani kwa kaka yake, kaka hana hela, mdogo analia, na kadi iko mfukoni. Sura zao ni moja, picha ya kadi ni ndogo kama ukucha. Cha mmoja ni cha wote. Idi hakufikiri mara mbili; angefikiri angejiona ni msaliti. Akampa.

"Sasa nina maumivu yale yale aliyokuwa nayo," akasema. "Nikifunua shati wataona sina kovu. Watauliza lililo kwenye faili ni la nani. Watamfuata Shabani. Chuo kitanifukuza, na wewe umeuza kila kitu. Dada, usiseme. Waambie ni vidonda vya tumbo. Wanipe dawa, itapoa."

Mwanangu, sitaki kukudanganya kwamba nilijua papo hapo la kufanya. Mawazoni nilimwona Shabani yuko polisi. Nilimwona Idi anarudi Mkiwa na begi kichwani, watu wanasema yatima hawasomi. Muuguzi aliporudi kuuliza kama tumekubaliana, nikasikia mdomo wangu unasema, "Tunaomba nafasi kidogo, tunajadiliana."

Bibi Mkhandi alikuwa amekaa kwenye benchi, mfuko wa vitunguu mapajani. Alikuwa amesikia yote. Masikio yake hayakuzeeka.

"Mnajadiliana nini?" akasema. "Mnapanga mahari?"

"Bibi, ngoja."

"Singoji. Mwajuma, unalinda kadi au unalinda mtoto?"

Nikageuka kumwangalia Idi. Bibi akaendelea.

"Siku ile ya matanga ulisimama mbele ya wazee wenye mvi, ukawaambia hapana, wala hukutetemeka. Mimi nilikuwepo. Nikasema moyoni, huyu ametoka tumboni na mgongo. Leo unamwogopa kijana mwenye koti jeupe? Ulikataa hawa watoto wasigawanywe. Sasa utakubali huyu mmoja achukuliwe na udongo?"

Idi akasema, "Bibi, watamfunga Shabani."

"Aliyefungwa hupelekewa ugali," akasema bibi. "Wewe utapelekewa nini?"

Niliinuka. Daktari alikuwa ndiyo anaingia, kijana tu, huenda mdogo kuliko mimi. Nikamwambia, "Daktari, huyu hajawahi kupasuliwa. Aliyepasuliwa ni mdogo wake, kwa kadi hii. Maumivu yao ni ya namna moja." Nilisema kwa mfululizo, kama mtu anayemwaga maji machafu mbali na mlango. Idi akafumba macho, akaliachia shati.

Daktari akalifunua. Tumbo safi, halina hata mkwaruzo. Akabonyeza upande wa kulia, na Idi akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu utoto. Daktari hakunikaripia. Aliniuliza maumivu yameanza lini, Petro akajibu ni jana asubuhi. Akamwambia muuguzi maneno machache, watu wakaanza kutembea haraka. Ndipo akanigeukia.

"Mambo ya kadi yana wenyewe, watakuja kuzungumza na wewe. Mimi kazi yangu ni hili tumbo. Umesema wakati bado upo, dada. Mngeendelea kujadiliana, wakati huo usingekuwepo."

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Bibi Mkhandi, aliyesema maneno yale yote makali, sasa alikuwa anamenya kitunguu kwa kucha, ganda baada ya ganda, bila kujua anachofanya, mpaka muuguzi akamwomba kwa heshima aache, macho ya wagonjwa yanawasha.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Idi alikaa hospitali muda mrefu kuliko Shabani, na siku za mwanzo alikuwa na homa iliyotufanya tuzungumze kwa kunong'ona. Lakini alipona. Yuko hai, ana watoto, na ukimtania kuhusu jogoo anaficha uso.

Sasa mambo ya kadi. Hayakuisha kwa daktari kuwa mpole, na isingekuwa haki yaishe hivyo. Tuliitwa kwenye ofisi ndogo na mzee mmoja mwenye miwani aliyekuwa anashughulikia wagonjwa wa bima. Nilikuwa nimeshampigia Shabani usiku uliotangulia, nikamwambia akitaka akimbie, akimbie, mimi nitabaki. Alfajiri akadandia lori la vitunguu, akafika ofisini kabla yetu. Yule mzee alipouliza, "Kwa hiyo aliyepasuliwa ni nani?" Shabani akasimama, akapandisha shati hadi kidevuni.

"Ni mimi, mzee wangu. Kovu hili hapa."

"Shusha shati, kijana. Nimeamini."

"Kaka yangu hana kosa. Nilimlilia."

"Nani alikuuliza kosa? Nimeuliza kovu. Kaa chini."

Kadi ya Idi ikasimamishwa. Gharama za upasuaji wa Shabani tukatakiwa kuzirudisha, na upasuaji wa Idi nao tukaulipia wenyewe. Chuo kikampa Idi onyo kali la maandishi, na mitihani aliyoikosa akairudia wakati wenzake wako likizo. Tulipelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ile ile, mama aliyetusikiliza kuhusu baba na mama na kuku, akatupangia kulipa kidogo kidogo, na sehemu nyingine akatuombea msamaha. Kabla hatujatoka alimuuliza Idi swali ambalo mimi silisahau.

"Siku ile mdogo wako anaumwa, ulipita mlango huu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukugonga?"

Baadaye, tukiwa nje, ndipo Idi akaniambia kwamba hakujua mlango ule ni wa nini, na aliona aibu kuuliza. Kijana wa chuo, mwenye kusoma vitabu vinene, aliona ni rahisi kutoa kadi yake kuliko kusoma maandishi ya mlangoni na kugonga.

Daktari naye alimwita siku ya kumruhusu. Akamwonyesha kwamba kwenye kumbukumbu zake kulikuwa na dawa moja iliyoandikwa kwamba inamdhuru. Haikumdhuru Idi kamwe. Ilimwasha Shabani mwili mzima. "Leo umekuja unaongea," akamwambia. "Siku nyingine unaweza kuletwa hujitambui, nasi tukakutibu kwa mwili wa ndugu yako." Wakakaa na yule mzee wa miwani wakatenganisha habari za kaka na za mdogo. Idi alisema lile lilimwogopesha kuliko kisu.

Bibi Mkhandi tulimrudisha Mkiwa. Nilimwambia, "Bibi, ulisema bima ni ujanja wa mjini." Akasema, "Nilisema. Nilikosea. Andika na hilo." Mwaka uliofuata, tulipojiunga na bima ya kaya kijijini, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akigombana na mpiga picha kwamba amemtoa mzee.

Mwanangu, wewe unayefunga begi kwenda chuo, maneno yangu ni haya, na sitayapamba.

Ule mchango wa afya kwenye karatasi yako ya kujiunga, usiuone kama pesa ya kupunguza ili upate godoro zuri. Godoro jembamba halijamuua mtu. Lipa mapema, kisha fuatilia kadi yako mpaka uishike mkononi, maana wapo waliolipa wakakaa, wakaja kugundua siku ya homa kwamba jina halijaingizwa. Uliza zahanati ya chuo iko wapi kabla hujaumwa. Uliza kadi yako inapokelewa hospitali ipi na hailipii nini. Kuuliza si ujinga, na kwenye dirisha la mapokezi hakuna anayekucheka. Wanaokucheka ni wale wa mawazoni mwako.

Kadi ni ya mwili wako. Mpe ndugu yako shati, mpe chakula, mpe kitanda chako wewe ulale chini, lakini kadi usimpe, hata akikulilia. Ukimpa umempa ugonjwa wako na kuchukua wake. Kama ndugu au rafiki ameshikwa na huna kitu, mpeleke hospitali hivyo hivyo, sema kweli kwamba hamna hela, kisha mtafute afisa ustawi wa jamii. Huenda asikusamehe yote. Lakini deni linalojulikana lina mwisho, na uongo una riba ambayo hakuna anayejua kiasi chake.

Ukiumwa, sema. Najua watoto wa nyumba za shida mnavyofikiri: nisimsumbue dada, nisimwongezee mama mzigo. Mimi ni huyo dada. Nakuambia kwa niaba ya wenzangu wote walioacha shule ili ninyi msome: simu yako ya saa yoyote si mzigo. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio ndicho kinachotuelemea sisi tuliobaki nyumbani. Daktari mwambie yote, hata yanayokuaibisha, hata yanayokutia hatiani. Anatibu anachokijua.

Na wewe mkubwa wa nyumba unayesomewa haya, usilipe ada ukadhani umemaliza. Mwambie mtoto wako kabla hajaondoka kwamba akikosea aje nyumbani na kosa lake. Idi angejua hilo, asingelishika lile shati.

Nenda basi, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mwili wenye nguvu ya kubeba ulichofuata huko. Ukiumwa, akukutanishe na mikono yenye huruma na moyo wako uwe mwepesi kusema kweli. Akulinde na aibu isiyo na faida. Akurudishe kwetu mzima, na siku utakayoitwa mkubwa wa nyumba, akupe mgongo wa kusimama.